Kuunganishwa na mji au taunishipu kuwa mji wenyewe: jinsi kaya inavyopiga hesabu ya bomba la majitaka huko Minnesota

Jimbo la Minnesota, Marekani, lina taunishipu zaidi ya 1,700. Taunishipu ndiyo serikali ndogo kabisa ya eneo la nje ya mji: ina wajumbe wachache, ina karani, inatunza barabara za changarawe, na kila Jumanne ya pili ya mwezi Machi wakazi wake hukusanyika katika mkutano wa mwaka kupiga kura juu ya kiasi cha kodi itakayotozwa. Kwa kawaida taunishipu haina bomba la majitaka. Kila nyumba ina mfumo wake wa septiki, yaani tangi lililozikwa ardhini pamoja na mifereji inayoyaachia maji yanywee kwenye udongo. Hali hiyo hudumu kwa utulivu hadi mji wa jirani unapopanuka, au visima vinapoanza kuonyesha nitrati, yaani kemikali inayochafua maji ya kunywa, au matangi ya miaka ya 1970 yanapoanza kuharibika moja baada ya jingine. Hapo ndipo njia mbili huwekwa mezani. Ya kwanza ni eneo kuunganishwa na mji wa jirani ambao tayari una bomba. Ya pili ni taunishipu kuomba kusajiliwa kuwa mji kamili na kutafuta bomba lake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba, wakiwamo Waswahili walioanzia maisha ya kupanga Brooklyn Park au St. Cloud na baadaye wakanunua nyumba pembezoni ili wapate uwanja mpana na utulivu. Katika mikutano ya hadhara mjadala huu hutawaliwa na maneno mawili, «uhuru» na «kumezwa», ilhali swali la kaya ni la dola: kwa miaka 20 ijayo, nyumba yangu italipa kiasi gani kwa kila njia? Jibu hutoka kwenye nambari zisizozidi kumi, na zote zinaweza kupatikana na mtu asiye mwanasheria.

Hatua ya kwanza: tenganisha mpaka na bomba

Kosa la kwanza la wengi ni kudhani kwamba mpaka ukibadilika, bomba linakuja. Hayo ni maamuzi mawili tofauti, hufanywa kwa sheria tofauti, na yanaweza kupishana kwa miaka mingi. Mabadiliko ya mipaka yako chini ya sura ya 414 ya sheria za jimbo. Ujenzi wa bomba na tozo zake uko chini ya sura ya 429. Nyumba inaweza kuunganishwa na mji leo na kuendelea kutumia septiki kwa muongo mzima huku ikilipa kodi ya mji, na taunishipu inaweza kuwa mji kwa jina huku kila nyumba ikibaki na tangi lake.

Mfano mzuri ni St. Augusta, kusini mwa St. Cloud. Ilikuwa taunishipu, na kwa hofu ya kuendelea kumegwa na jirani yake mkubwa ikasajiliwa kuwa mji mwaka 2000, kwanza kwa jina la Ventura kwa heshima ya gavana wa wakati huo, Jesse Ventura, aliyewahi kuwa mwanamieleka. Kabla ya mwaka kwisha wakazi walilirudisha jina la St. Augusta. Mpaka wao ukawa salama. Hata hivyo, majitaka ya St. Augusta yanayoingia kwenye bomba la umma husafishwa katika mtambo wa St. Cloud, kwa makubaliano ya miji kadhaa ya eneo hilo. Kwa maneno mengine, mji mpya haulazimiki kujenga mtambo wake, lakini hauepuki kununua huduma kwa jirani yule yule uliotaka kumkwepa. Rice Lake, jirani wa Duluth, nayo iligeuka mji mwaka 2015 kwa hoja zinazofanana.

Basi swali la kwanza kumuuliza karani wa taunishipu na mhandisi wa mji ni hili: bomba kuu la karibu liko umbali gani kutoka kwenye mtaa wangu, na mtambo unaolihudumia una nafasi iliyobaki kwa nyumba ngapi? Jibu la swali hili peke yake huamua zaidi ya nusu ya hesabu, kwa sababu gharama ya bomba hupanda kwa kila mita inayochimbwa, na katika jimbo ambalo ardhi huganda kwa kina kirefu majira ya baridi, mtaro wa bomba si wa kina cha jembe.

Hatua ya pili: jua hali halisi ya septiki yako

Huwezi kulinganisha njia mbili mpya bila kujua njia ya kubaki ulipo inagharimu nini. Ajiri mkaguzi mwenye leseni ya jimbo akague mfumo na kukuandikia cheti. Kwa mfumo wa zamani cheti cha kukidhi matakwa hudumu miaka 3, na kwa mfumo mpya miaka 5. Mkaguzi anaweza kukuta mojawapo ya hali tatu. Mfumo mzuri hauna haraka. Mfumo usiolinda maji ya ardhini utapewa muda wa marekebisho kwa mujibu wa kanuni za kaunti. Mfumo unaohatarisha afya moja kwa moja, kwa mfano ule unaotiririsha majitaka juu ya ardhi au mtaroni, hupewa miezi 10 tu kurekebishwa.

Wengine huogopa kumwita mkaguzi kwa kuwa hawataki kujua. Hofu hiyo inaeleweka, ila haifichi kitu kwa muda mrefu: ukiuza nyumba, sheria ya jimbo inakutaka umweleze mnunuzi kwa maandishi hali ya mfumo wa majitaka. Ni heri kuijua sasa, ukiwa bado na nafasi ya kuchagua, kuliko kuijua mezani kwa wakala.

Mbali na ukaguzi, andika gharama za kawaida. Kanuni zinataka tangi likaguliwe au lisafishwe angalau kila miaka 3, na gari la kunyonya majitaka lina bei yake. Muulize pia mbunifu wa mifumo kama uwanja wako una nafasi ya mifereji mipya pindi ya sasa itakapokufa, na kama udongo wako utahitaji mfumo wa tuta, yaani mchanga uliorundikwa juu ya ardhi pale maji ya chini yalipo karibu, ambao una gharama kubwa zaidi. Kiwanja kidogo kando ya ziwa kisicho na nafasi ya pili kina hesabu tofauti kabisa na kiwanja cha ekari 5.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya kodi ya nyumba na ardhi

Hapa ndipo kelele huwa nyingi, hivyo tuende taratibu. Mabadiliko ya mpaka hugusa sehemu moja tu ya kodi yako, ile ya taunishipu au mji. Sehemu ya kaunti inabaki kuwa ya kaunti ile ile, na mipaka ya wilaya za shule haifuati mipaka ya miji, kwa hiyo watoto hawahamishwi shule kwa sababu hii. Mtu akikuambia kwamba «kodi itaongezeka maradufu», mwombe akuonyeshe ni sehemu gani anayoizungumzia.

Kwa nyumba unayoishi mwenyewe, jimbo hupunguza kwanza thamani inayotozwa. Kuanzia kodi za mwaka 2025, punguzo ni asilimia 40 ya dola 95,000 za mwanzo, yaani dola 38,000, kisha hupungua kwa senti 9 kwa kila dola inayozidi hapo, mpaka linakwisha nyumba inapofikia dola 517,200. Thamani inayobaki huzidishwa kwa asilimia 1 hadi dola 500,000, na asilimia 1.25 kwa sehemu inayozidi. Matokeo ndiyo kipimo cha kodi cha nyumba yako, na kila serikali hutoza asilimia fulani ya kipimo hicho.

Chukua nyumba ya dola 300,000. Ziada juu ya dola 95,000 ni dola 205,000, na asilimia 9 yake ni dola 18,450, hivyo punguzo linabaki dola 19,550. Thamani inayotozwa ni dola 280,450 na kipimo cha kodi ni takriban dola 2,804. Sasa tuseme, kwa mfano tu, taunishipu inatoza asilimia 15 ya kipimo hicho, mji wa jirani asilimia 50, na mji mpya unakadiriwa kutoza asilimia 32. Kuunganishwa kutaongeza pointi 35, yaani takriban dola 982 kwa mwaka. Kusajiliwa kuwa mji kutaongeza pointi 17, yaani dola 477. Viwango halisi vya eneo lako hutolewa na ofisi ya mkaguzi wa hesabu wa kaunti, na kila Novemba kila kaya hupokea notisi ya kodi inayopendekezwa ikionyesha mgawanyo wenyewe.

Kiwango cha mji mpya ndicho kigumu kukadiria, na ndicho waombaji wa usajili hupenda kukitaja kwa wepesi. Omba bajeti iliyoandikwa. Mji unahitaji mwanasheria, mhandisi, wafanyakazi, na mpango wa polisi, ambao mara nyingi huwa mkataba na sherifu wa kaunti. Upande wa pili, mji huweza kustahili misaada ya jimbo isiyotolewa kwa taunishipu, na mji wenye wakazi zaidi ya 5,000 hupata fungu la jimbo la barabara za miji. Ikiwa bajeti uliyopewa haionyeshi mapato na matumizi hayo mstari kwa mstari, ichukulie kuwa matumaini. Kumbuka pia kwamba taunishipu ikishakuwa mji, kura ya Machi juu ya kodi inakwisha. Kiasi kitapangwa na baraza.

Kwa upande wa kuunganishwa, kuna nafuu moja ambayo wakazi wengi hawaijui. Sheria inaruhusu kiwango cha mji kipandishwe hatua kwa hatua katika eneo lililounganishwa, kwa muda usiozidi miaka 6. Katika mfano wetu, kupanda kwa sehemu sita zinazolingana kunaokoa takriban dola 2,455 kwa nyumba. Neno muhimu ni «inaruhusu»: nafuu hiyo haiji yenyewe, ni lazima iandikwe katika amri au makubaliano ya kuunganishwa.

Hatua ya nne: tozo maalumu ya bomba

Hii ndiyo nambari kubwa kuliko zote, na inastahili muda mwingi kuliko kodi. Bomba likijengwa mbele ya nyumba, mji unaweza kutoza kila kiwanja sehemu ya gharama. Tozo hiyo hugawanywa kwa mafungu ya kila mwaka yanayoweza kufika miaka 30, pamoja na riba, na huwekwa ndani ya karatasi ya kodi ya nyumba, hivyo kutolipa ni sawa na kutolipa kodi.

Sheria inaweka mpaka mmoja wa msingi: tozo haiwezi kuzidi kiasi ambacho thamani ya kiwanja imeongezeka kwa sababu ya bomba. Haijalishi bomba limegharimu kiasi gani. Nyumba yenye septiki mpya iliyowekwa miaka miwili iliyopita hunufaika kidogo kuliko nyumba ambayo mfumo wake umekufa, na mthamini huru anaweza kulieleza hilo kwa nambari. Mpaka huu unamlinda mwenye nyumba katika njia zote mbili, lakini unaubana zaidi mji mpya. Kama bomba refu limegharimu dola 40,000 kwa kila nyumba na faida ya kiwanja ni dola 25,000, dola 15,000 zilizobaki zitatoka kwenye bili ya mwezi au kwenye kodi ya wote, wakiwamo wasiokuwa na bomba.

Kanuni nyingine inayofaa kujulikana inahusu mkopo. Mji ukitaka kuuza hatifungani za mradi wa namna hii bila kupiga kura ya wananchi, angalau asilimia 20 ya gharama lazima itozwe kwa wenye viwanja wanaonufaika. Mwanasiasa anayeahidi kwamba «hakuna atakayetozwa» anapaswa kueleza kama ataitisha kura, au kama ana ruzuku mkononi.

Ruzuku na mikopo nafuu zipo. Mamlaka ya jimbo ya fedha za miundombinu hukopesha kwa ajili ya majitaka, na Idara ya Kilimo ya Marekani ina mikopo na ruzuku kwa maeneo ya vijijini na miji yenye watu wasiozidi 10,000, kwa muda unaoweza kufika miaka 40. Mji mpya mdogo unaweza kustahili fedha hizi pale ambapo mji mkubwa wa jirani hautastahili, na hii ni hoja yenye uzito kwa upande wa kujisajili. Ila kustahili kuomba na kupewa ni mambo mawili. Katika jedwali lako andika tozo mara mbili, pamoja na ruzuku na bila ruzuku, na ufanye uamuzi kwa ile ya bila ruzuku hadi barua ya kukubaliwa ionekane.

Hatua ya tano: kutoka barabarani hadi chooni

Tozo hulipia bomba la barabarani. Kutoka hapo hadi nyumbani ni mfuko wako. Kuna ada ya kuunganisha nyumba na bomba, na ada ya kibali. Katika kaunti saba za eneo la Minneapolis na St. Paul kuna pia ada ya Baraza la Metropolitan, chombo kinachosimamia mfumo wa majitaka wa eneo hilo, inayotozwa mara moja kwa kila nyumba mpya kwenye mfumo, ambayo kwa miaka mingi tangu 2014 ilikuwa dola 2,485. Kuna kazi ya kuchimba bomba la uwanjani, kulifyonza tangi la zamani, kulivunja au kulijaza mchanga, kisha kurudisha nyasi na lami ya njia ya gari.

Jambo linaloumiza watu ni upande. Septiki nyingi ziko nyuma ya nyumba, na bomba la mji hupita mbele. Bomba la ndani linalotokea nyuma inabidi ligeuzwe, na pengine sakafu ya zege ya chumba cha chini ikatwe. Mwite fundi bomba aangalie mahali bomba linapotokea na kina chake kabla hujaamini makadirio ya wastani yaliyogawiwa mkutanoni. Kama chumba chako cha chini kiko chini ya usawa wa bomba kuu, utahitaji pampu ya kusaga na kusukuma; uliza itakuwa mali ya nani, umeme wake utalipwa na nani, na ikiungua saa nane usiku wa Januari nani atapigiwa simu.

Gharama hizi hazitofautiani sana kati ya njia mbili, kwa hiyo hazipaswi kuchukua nafasi kubwa katika uamuzi, lakini zinahitaji fedha taslimu siku ile ile. Uliza pia sheria ndogo inakupa muda gani wa kujiunga baada ya bomba kupita. Miji mingi hulazimisha kujiunga ndani ya muda maalumu, na septiki nzuri haikuondolei wajibu huo ila kama sheria ndogo imesema hivyo.

Hatua ya sita: bili ya kila mwezi

Bili ya majitaka huwa na sehemu isiyobadilika na sehemu inayofuata matumizi. Miji mingi hukadiria matumizi kwa maji yaliyotumika miezi ya baridi, wakati hakuna anayemwagilia nyasi. Nyumba yenye kisima haina mita ya mji, na mara nyingi hutozwa kiasi kimoja tu. Kwa familia ya watu 8 hiyo ni nafuu, kwa mjane anayeishi peke yake ni mzigo.

Mji mpya unaonunua usafishaji kwa jirani hulipa bei ya jumla kwanza, kisha unaongeza matengenezo ya mabomba yake na mishahara, na mzigo huo unagawanywa kwa nyumba chache. Soma mkataba, au rasimu yake: bei ya jumla inapandaje, nani anaipandisha, na wanunuzi wana kiti mezani? Mkataba usio na kanuni ya bei huuacha mji mpya mikononi mwa jirani, na mtu aliyekuwa anapinga kumezwa atajikuta analipa kila mwezi bila kuwa na kura katika mji unaopanga bei.

Hatua ya saba: jumlisha miaka 20

Sasa weka vyote pamoja. Nambari zifuatazo ni za mfano, zimechaguliwa ili kuonyesha njia, na wewe utaweka zako.

Nyumba yetu ya dola 300,000 ikiunganishwa na mji: ongezeko la kodi kwa miaka 20, baada ya kutoa nafuu ya miaka 6, ni dola 17,185. Tozo ya dola 15,000 kwa miaka 15 na riba ya asilimia 5, mtaji ukilipwa kwa mafungu sawa, inafika dola 21,000. Kazi za uwanjani na ada ni dola 8,000. Bili ya dola 45 kwa mwezi ni dola 10,800. Jumla ni dola 56,985.

Taunishipu ikiwa mji na kujenga bomba refu hadi kwa jirani: kodi inaongezeka dola 9,540. Tozo ya dola 26,000 kwa masharti yale yale inafika dola 36,400. Kazi za uwanjani ni dola 8,000 zile zile. Bili ya dola 75 kwa mwezi ni dola 18,000. Jumla ni dola 71,940. Kodi ni karibu nusu ya ile ya njia ya kwanza, na bado njia hii imegharimu takriban dola 15,000 zaidi. Ndiyo maana kulinganisha viwango vya kodi pekee hupotosha.

Taunishipu ikiwa mji bila bomba, nawe ukabaki na septiki: kodi ni dola 9,540, kusafisha tangi mara 6 kwa dola 350 ni dola 2,100, na mfumo mpya mmoja katikati ya safari ni dola 22,000. Jumla ni dola 33,640. Kwa mwenye kiwanja kipana na udongo mzuri, hii ndiyo njia nafuu, na hana sababu ya kifedha ya kushabikia bomba lolote.

Rudia hesabu kwa thamani nyingine ya nyumba, kwa sababu kodi hufuata thamani ilhali bomba haliifuati. Nyumba ya dola 600,000 ina kipimo cha kodi cha dola 6,250. Ukiweka nambari nyingine zote kama zilivyo, kuunganishwa kunagharimu takriban dola 78,080 na kujisajili dola 83,650. Pengo limeshuka kutoka dola 15,000 hadi dola 5,600 hivi. Likifika kwenye nyumba ya dola 760,000 hivi linakuwa sifuri. Hivyo majirani wawili wa mtaa mmoja wanaweza kuwa na maslahi yanayopingana bila yeyote kati yao kukosea, na mwenye nyumba kubwa kando ya ziwa anayepigania usajili huenda anapigania mfuko wake, si wako.

Jaribu pia idadi ya nyumba zitakazojiunga. Deni la bomba lililopangwa kugawanywa kwa nyumba 400 likibaki kwa nyumba 250, bili haitabaki dola 75. Muulize mshauri wa mradi nambari ya chini kabisa ya wateja inayoufanya mradi ujilipe, na kama nambari hiyo inategemea viwanja ambavyo bado ni mashamba ya mahindi. Mwisho, kama unapanga kuuza baada ya miaka 7, hesabu miaka 7 pekee, kisha ongeza tozo iliyobaki, kwa kuwa mnunuzi ataiona na kuikata kwenye bei.

Hatua ya nane: angalia kama kuna njia ya tatu

Mara nyingi ipo, na haizungumzwi kwa sababu haina mashabiki. Mji na taunishipu wanaweza kutia saini makubaliano ya kuunganishwa kwa utaratibu, yanayotaja eneo gani litaingia mjini na lini, kwa mfano pale tu bomba linapofika. Ndani yake ndimo unapoweza kuandika kodi ya kupanda kwa hatua, septiki nzuri kuruhusiwa kumaliza umri wake, na fidia ya taunishipu kwa kodi inayopoteza, ambayo sheria inaipanga kwa miaka 2 hadi 8. Taunishipu inaweza pia kuunda eneo dogo la huduma ndani yake, ambapo nyumba zenye shida pekee ndizo zinazolipia mfumo wa pamoja. Nyumba 30 kuzunguka ziwa hazihitaji kugeuza taunishipu nzima kuwa mji.

Fahamu vilevile kwamba kuna uamuzi usiokungoja. Mwenye ardhi isiyozidi ekari 120 inayopakana na mji anaweza, kwa masharti fulani, kuomba mji uiunganishe kwa sheria ndogo, bila kura ya majirani. Usajili wa mji nao hauamuliwi kwa kura ya mitaani. Ombi husikilizwa na jaji wa mashauri ya utawala wa jimbo, na moja ya mambo anayoyapima ni kama eneo lingehudumiwa vizuri zaidi kwa kuunganishwa na jirani. Jedwali la gharama za kaya, lililopigwa vizuri na kutiwa saini na wakazi, ni ushahidi unaoweza kuwasilishwa mbele yake.

Hatua ya tisa: nafuu na tarehe

Mwenye nyumba aliyefika miaka 65, au mwenye ulemavu wa kudumu, ambaye kulipa tozo kungemletea ugumu, anaweza kuahirishiwa tozo kama mji umepitisha utaratibu huo. Deni hubaki kwenye nyumba na riba inaweza kuendelea kuhesabika. Uliza kama mji umepitisha. Mji mpya huenda haujafika huko. Jimbo lina marejesho ya kodi kwa wenye kipato cha chini na cha kati, na marejesho maalumu pale kodi inapopanda kwa zaidi ya asilimia 12 na angalau dola 100 kwa mwaka, lakini tozo maalumu haihesabiwi katika marejesho hayo. Tozo ya kujenga bomba pia haikatwi kwenye kodi ya mapato ya serikali kuu kama kodi ya kawaida. Huongezwa kwenye gharama ya nyumba, hivyo tunza risiti zake.

Tarehe ni kali. Baraza likitaka kujenga bila ombi la wenye viwanja, linahitaji kura nne kati ya kila tano za wajumbe wake, baada ya kikao cha kuwasikiliza wananchi ambacho notisi yake hutumwa kwa posta. Kikao cha tozo chenyewe huja baadaye, na notisi yake hutumwa angalau wiki mbili kabla. Anayetaka kupinga kiasi chake lazima aandike pingamizi, alitie saini, na kulifikisha kwa karani kabla ya kikao au kulikabidhi kikaoni. Kusimama na kuzungumza kwa uchungu hakutoshi. Baada ya tozo kupitishwa ana siku 30 za kumpelekea meya au karani taarifa ya rufaa, kisha siku 10 za kuiwasilisha katika mahakama ya wilaya. Siku hizo hizo 30 ndizo za kulipa tozo yote bila riba, kwa hiyo mwenye akiba na mwenye pingamizi wote wanasoma kalenda moja.